Ufunguo Kiunoni mwa Ba

Ba ulimsikia kabla hujamwona. Kiunoni, pale alipochomeka pindo la sari, palining'inia kicha cha funguo: za kabati, za stoo ya mchele, za masanduku waliyotoka nayo Nakuru ambayo hayakuwa na kitu tena ila harufu ya dawa ya nondo. Akipanda ngazi, nyumba nzima ilijua. Mimi nilikuwa mpangaji wao wa chumba cha juu, huko Edmonton, London, mwaka wa sabini na nne, nikisomea unesi. Mshahara wa mwanafunzi ni wa kukucheka, kwa hiyo nikizisikia funguo zile zikielekea jikoni, moyo wangu ulichangamka.

Ba maana yake ni mama kwa Kigujarati, na kila mtu alimwita hivyo, hata yule Mwingereza wa kuleta maziwa. Mume wake alibaki Nakuru kuangalia duka. Mwanawe wa pekee alifariki, na aliyeishi naye hapa London ni mjane wa mwanawe, Sushila, pamoja na mjukuu wake Lata. Sushila mimi nilimwita Mama Lata.

Mama Lata alivaa nyeupe au kijivu, basi. Kwenye paji la uso hakuweka nukta nyekundu, na harusini alikaa nyuma kabisa kama mtu aliyekuja kuulizia njia. Kumkum, ule unga mwekundu wa sala, hakuugusa tangu siku ya msiba. Mjane akiugusa anaalika mkosi, ndivyo walivyoamini. Shughuli zote za wekundu zilikuwa za Ba, kwa sababu Ba mumewe yu hai. Mimi msichana wa Murang'a nilikasirika kwa niaba yake, nikamwambia waziwazi kwamba huo ni uonevu. Aliendelea kukanda unga.

Lakini usimdhanie mnyonge. Mama Lata alikuwa na bastola.

Kule Nakuru aliimiliki kwa leseni, yake mwenyewe, si ya mumewe. Mume ndiye aliyempeleka klabuni kulenga shabaha, na baada ya muda mfupi mume akawa anabeba mkoba tu. Alipohamia Uingereza, jamaa walimshauri aiuze, au aizike kwenye gunia la unga na kupita nayo kimya. Wapo waliofanya hivyo, nasikia. Yeye aliitangaza uwanja wa ndege, akaiacha mikononi mwa forodha, akaenda kuitafutia kibali.

Nchi hii haina mchezo na mambo hayo. Zile bunduki za kumwaga risasi mfululizo, raia haruhusiwi hata kuziota. Bastola kama yake, ya otomatiki inayojipakia yenyewe lakini inatoa risasi moja kila ukivuta, wakati ule ilikubalika kwa kibali cha polisi, na kibali hupewi mpaka uwe na sababu nzuri. Kujilinda si sababu. Kushindana klabuni ni sababu. Basi akatafuta klabu. Ya kwanza ikamwambia imejaa. Ya pili ikamwambia haina choo cha wanawake. Ya tatu nayo ikaanza habari za choo, akawaambia atajikaza. Wakacheka, wakampa nafasi, na siku alipolenga mara ya kwanza wakaacha kucheka.

Nilimuuliza siku moja kwa nini anajitesa hivyo kwa sababu ya chuma. Alikuwa akiisafisha mezani, juu ya gazeti.

"Njeri, kila karatasi niliyo nayo imeandikwa binti ya fulani au bibi ya fulani," alisema. "Setifiketi ya hii inasema Sushila. Na imepatikana kwa njia ya wazi. Sitaki kitu cha kuficha katika nchi ya watu."

Polisi walimtaka awe na sefu. Fundi akaifunga ukutani, chini ya ngazi, kwa misumari minene kama vidole, akamkabidhi ufunguo. Na siku ile ile Mama Lata akaenda akampa Ba ufunguo huo kwa mikono miwili, Ba akaufunga kiunoni pamoja na nyingine.

Usishangae. Katika nyumba ya namna ile mkaza mwana hamfichi mama mkwe ufunguo. Ni sawa na kumwita mwizi mbele ya watu. Mama Lata alikuwa anazijua sheria za Uingereza kuliko Waingereza, lakini hiyo ya funguo ilikuwa sheria ya zamani zaidi, na mkono wake uliitii kabla kichwa hakijauliza.

Kibali kilipokaribia kuisha, akaja polisi wa mambo ya silaha kukagua ili kifanywe upya. Ilikuwa Oktoba, siku chache baada ya Dashera, sikukuu ya Wahindu. Mama Lata alikuwa na furaha isiyofichika, maana klabu ilikuwa imemchagua kwenye timu ya mashindano ya nchi nzima, na bila kibali hakuna timu. Polisi mwenyewe alikuwa mzee mpole mwenye masharubu. Alikula chevda ya Ba, ule mchanganyiko wa karanga na dengu za kukaanga, mpaka akalegeza tai. Akaigonga sefu kwa kidole, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Sefu nzuri sana hii. Naomba uifungue."

Mama Lata akamgeukia Ba. Ba akainuka kwa fahari, akatafuta kwenye kicha, akafungua.

Yule mzee akaacha kutafuna. Nami niliyesimama mlangoni na birika la chai nilijua kuna jambo, ingawa sikujua ni lipi. Ndani ya sefu, juu ya kitambaa chekundu, bastola ililala na alama ya kumkum kwenye mtutu, punje za mchele zimeshikamana na alama hiyo, na ua la manjano lililokwisha kunyauka. Mama Lata alikuwa hajaigusa tangu Dashera.

"Nani aliyeitoa humu?" polisi akauliza.

Mama Lata akafungua kinywa, polisi akamzuia kwa mkono. Alitaka kumsikia bibi mwenyewe. Ba hakujua Kiingereza, na mimi Kigujarati changu kilikuwa cha jikoni tu, lakini Kiswahili tulikuwa nacho sote. Basi nikatiwa katikati.

"Ba, anauliza nani alitoa bastola."

"Mimi," Ba akasema. "Nani mwingine? Kila mwaka mimi natoa. Sisi Rajput, watu ya vita, siku ya Dashera silaha lazima ipate puja, sala yake. Ikikaa bila kupakwa, mkono ya mwenyewe inakosa baraka. Yeye mjane, hawezi kugusa kumkum. Mtoto yangu hayuko. Sasa nani atapaka? Mimi."

Nilisimama na lile birika. Ningeweza kusema kwamba mkwewe alikuwepo. Neno moja tu, lingepita kama maji. Nikamtazama Mama Lata, naye akaona ninachotaka kufanya, akanikata kwa jicho.

"Mwambie vile amesema, Njeri. Usipunguze."

Nikamwambia. Polisi aliandika polepole, na naapa mtu yule alihuzunika. Aliondoka na bastola ndani ya mfuko, na ua lake ndani. Ba alibaki na sahani ya chevda mkononi, akiuliza mara kwa mara mgeni amekasirishwa na nini. Kila mara nilipomweleza alisema, "Lakini mimi nilifunga tena." Aliamini kabisa kwamba kosa la sefu ni kuiacha wazi.

Barua ilikuja: kibali kimekataliwa, kwa kuwa mtu asiye na ruhusa ameweza kuifikia silaha. Mama Lata aliisoma akiwa amesimama, akaenda kuvaa koti. Alikata rufaa.

Wakili wake aliitwa Pravin, kijana wa Kisumu mwenye viatu vya kung'aa. Alikuja nyumbani, akakaa, akatandaza mkakati wake. Tuseme bibi amezeeka, akili zimeanza kuyumba, aliuiba ufunguo wakati mkwe amelala. Hakimu atamhurumia mkwe, mambo yataisha.

"Ba hakuiba," Mama Lata akasema. "Nilimpa."

"Mama, ukisema ulimpa, umejifunga mwenyewe."

"Basi nimejifunga. Nimekuja nchi hii bila kudanganya mtu wa forodha, sasa nidanganye jaji juu ya mama mkwe wangu? Wewe ndugu yangu utatafuta maneno mengine, au nitakwenda peke yangu."

Pravin alikwenda kutafuta maneno mengine. Mimi nilitamani kumpigia makofi Mama Lata, ila nilikuwa nimeshika nguo za kupiga pasi.

Lililobaki lilikuwa gumu kuliko mahakama. Pravin alisema hakimu atauliza ufunguo uko wapi sasa, na jibu ni moja tu linalofaa. Asubuhi ya Jumapili, Ba akichagua dengu, Mama Lata akapiga magoti mbele yake.

"Ba, naomba ufunguo wa sefu."

Ba aliinua macho. "Mimi mwizi?"

"Hapana, Ba. Mimi ndiye niliyekosea kukupa."

Ba akakichomoa kicha chote, akakitupa mezani, dengu zikaruka hadi sakafuni. Chukua zote, alisema, chukua na ya mchele, nipeleke na mimi kwa polisi. Sauti ilimkatika mwishoni, na mimi, niliyekuwa nimezoea kumcheka, machozi yalinilenga. Mama Lata alichukua kicha, akatoa ufunguo mmoja, huo huo mmoja, kisha akazirudisha nyingine kiunoni mwa Ba kwa mikono yake. Ba hakumzuia, wala hakumtazama.

Kuanzia hapo Ba akamnunia. Alimwita Lata, "Mwambie mama yako chumvi imeisha," na mama yake yuko palepale anakoroga sufuria. Lata, kama watoto wa hapa, alijibu kwa Kiingereza, "She can hear you, Ba." Krismasi ikapita, theluji ikaja ikayeyuka, timu ya klabu ikaenda mashindanoni bila Mama Lata. Siku ile alikaa chini ya ngazi mbele ya sefu tupu, akaipangusa vumbi. Nilimwambia aachane na jambo hili, amani ya nyumba ni bora. Akaniambia amani ya kujikunyata anayo ya kutosha tangu afiwe, hataki nyingine.

Mahakamani nilikaa nyuma. Pravin alisema yake vizuri, lakini hakimu alitaka kumsikia mwenyewe.

"Ulijua kwamba mtu mwingine haruhusiwi kuwa na ufunguo?"

"Nilijua."

"Kwa nini ulimpa?"

"Kwa sababu ni mama mkwe wangu, na kwetu funguo hukaa kwake. Ilikuwa heshima, na ilikuwa kosa. Yote mawili."

"Na sasa ufunguo uko wapi?"

Mama Lata akavuta uzi shingoni, pale palipokuwa pakikaa mkufu wa ndoa, akautoa ufunguo ukaonekana. Hakimu akasema mtu anayetaka kudanganya angekwishadanganya kabla ya kufika hapo. Akampa kibali chake, kwa sharti moja, nalo alilirudia ili lisisahaulike: silaha ile isiguswe na mkono wowote nyumbani humo ila mkono wa Sushila.

Bastola ikarudi. Nilidhani Ba angelainika. Wapi! Alisikia habari ya sharti, akaguna, akaendelea na dengu zake.

Hadi Dashera iliyofuata. Nilikuwa nimerudi kutoka zamu ya usiku, nikakuta Ba ametandika mkeka chini ya ngazi. Mbele yake sahani ya shaba, taa ndogo ya samli, mchele, maua, na kumkum kwenye kikombe. Funguo zake zimetulia. Akaita kwa sauti, na akaita kwa Kiswahili, nadhani ili nami niwe shahidi.

"Mama Lata! Kuja fungua."

Lilikuwa neno la kwanza kumwambia tangu ile Jumapili. Mama Lata alitoka jikoni na unga mikononi. Alinawa, akavuta uzi shingoni, akafungua, akailaza bastola juu ya kitambaa chekundu. Halafu akarudi nyuma, kama ilivyokuwa desturi yake wakati wa shughuli za wekundu.

Ba hakusogeza mkono.

"Jaji alisema nani ashike?"

"Mimi tu, Ba."

"Basi paka wewe."

"Ba," Mama Lata akasema, "mimi ni mjane."

"Najua," Ba akasema. "Huyo alikufa ni mtoto yangu."

Akausukuma ule wekundu mbele ya mkwewe.

Nimemwona Mama Lata akilenga shabaha. Mkono wake ulikuwa hautikisiki hata kidogo. Siku ile kidole kilimtetemeka mpaka kumkum ikamwagika kwenye kitambaa. Akachovya kidole, akaipaka bastola alama kwenye mtutu, akanatisha punje za mchele, akaweka ua. Ba akiimba chinichini, macho ameyafumba, mashavu yamelowa. Mama Lata akaifungia silaha yake, akaurudisha ufunguo shingoni, akainuka kuelekea bombani.

"Unakwenda wapi?" Ba akauliza.

"Kunawa mkono."

"Hapana nawa. Kaa, chakula iko tayari."

Akakaa. Tulikula kwa mikono siku ile, Ba, Lata, mimi na yeye, na kidole chake chekundu kikaupaka wali rangi.