Pikapu Ilikuwa Hapo Nje

"Malaria? Nani amekudanganya ni malaria?" Mzee Salesio alimuuliza jirani yake Marete, aliyekuja nyumbani kumwona Kagwiria, aliyetoka hospitali siku hiyo. "Huyu mke wa kijana wangu Kobia alikuwa anavuja damu ndani ya tumbo, na pikapu yangu ya ndizi imesimama hapo nje, tanki imejaa!"

"Pole, mzee."

Hiyo pole ilimchoma zaidi. Siku ile Kagwiria alijikunja kitandani tangu asubuhi, midomo imekauka ikawa kama majivu. Regina, mke wa Salesio, alipita na maji moto sijui mara ngapi, akisema, "Ni homa tu, baba Kobia." Kwa sababu mambo ya wanawake hayatajwi mbele ya baba mkwe. Heshima, ati! Salesio aliambiwa tu Kagwiria alipoanguka njiani akienda choo. Akaendesha hiyo pikapu mpaka hospitali ya Nkubu kama mwizi wa ng'ombe.

Daktari Zuleka alipotoka kwa upasuaji hakumficha. "Mimba ilikaa kwa mrija wa uzazi, mrija ukapasuka. Nimefungua tumbo nikakuta damu imejaa, hata sioni inatoka wapi. Nimeingiza mkono, nikautafuta kwa vidole, nikaubana hivyo mpaka tukaweka chuma cha kubania, ndio tukafunga na uzi. Na kama si damu aliyotoa bwana yake, tungempoteza. Kwani nyumbani hakuna gari?"

Hata sasa, Salesio akikumbuka hilo swali, masikio yanawaka.

Kuku ilikuwa mezani, na mukimo wa viazi na mahindi. Regina akamvuta Kagwiria waende wakale jikoni, mbali na wanaume.

"Mwache hapo!" Salesio alisema. "Mimi sikai mpaka mniambie. Siku ingine mtu akivuja, mtasema nini?"

"Tutasema... tumbo linauma," Regina alisema chini chini.

"Tumbo! Hata mimi nikila maharagwe tumbo linauma!"

Marete akacheka, akajifanya anakohoa.

Kagwiria aliinua uso. "Baba, ilikuwa damu. Niliona, nikamwomba mama asikwambie. Niliona haya."

Mzee akageuka, akamtazama mkewe. Alikuwa amemkasirikia Regina siku hizo zote.

"Msichana wangu," alisema, "wewe niite hata nikiwa naoga."

"Baba Kobia!" Regina akashtuka. "Haya basi. Damu. Damu, damu! Nimesema mbele ya Marete pia. Sasa kaa, chakula kinapoa."

Salesio akamvutia Kagwiria kiti kando ya chake, na wote wakakaa, wakala.