Kadi ya Mazin

Mimi ndiye niliyemwita Bakri ndani. Nasema hili mwanzo kabisa, ili anayenisikiliza asinionee huruma kabla ya wakati.

Wijdan ni mke wa Muzammil, mtoto wa marehemu kaka yangu. Muzammil anatengeneza umeme wa magari kule Jeddah, mwaka wa pili sasa, na mwanawe mdogo, Mazin, alikuwa hajamwona ila kwenye simu. Alipopata viza za kuwaita, Wijdan, ambaye ni mwalimu, akaja kutoka Kassala na watoto wote wawili, Tasabih wa miaka mitano na Mazin wa miezi kumi na moja. Wakafikia kwangu hapa Port Sudan wangojee meli. Mimi nami nilikuwa naenda Umra, kwa hiyo tukapanga tusafiri pamoja.

Upande wa pili hawampokei mtu kutoka kwetu bila kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Kila aliyetimiza miezi tisa achomwe, mzee au anayetambaa, na siku kumi zipite ndipo asafiri. Tukaenda kituo cha afya sote wanne. Nikachomwa mimi, akachomwa Wijdan, Tasabih akalia mpaka akapaliwa. Ilipofika zamu ya Mazin, muuguzi akauliza, "Huyu anakula mayai?"

Wijdan akasema kweli. Miezi mitano nyuma alimlambisha kiini cha yai, kiasi cha ncha ya kijiko. Midomo ikafura, macho yakazibika, mtoto akawa anapumua kwa kukoroma kama mtu anayekabwa. Walimwahi hospitali kwa dakika chache tu.

Muuguzi akaweka sindano chini. "Basi huyu simgusi. Chanjo hii hukuzwa ndani ya mayai. Mpelekeni kwa daktari wa watoto ampime, awaandikie barua yenye mhuri kwamba hafai kuchanjwa. Kwa barua hiyo atapita."

Niliyasikia maneno hayo kwa masikio yangu. Lakini daktari wa kuandika barua hiyo alikuwa amekwenda Atbara kwenye msiba wa mama yake. Tulikwenda kumuulizia Jumapili, tukaenda Jumanne, tukaenda tena wiki iliyofuata. Mlango umefungwa. Viza zilikuwa zinakwisha siku ya Jumamosi ya wiki ya tatu, na Muzammil alikuwa akinipigia kila asubuhi kabla hajafungua karakana. "Shangazi, fanyeni mnavyoweza. Nyumba nimeshapanga, kitanda cha mtoto nimeshanunua."

Bakri anaketi nje ya ofisi ya tiketi na kiti chake cha plastiki na mkoba wa ngozi, akiwauzia wasafiri karatasi wanazokosa. Namjua tangu alipokuwa anakimbia uchi mtaani kwetu. Nilimwita, akaja, akavua viatu mlangoni kwa adabu, akanywa kahawa vikombe vitatu.

"Mtoto hachomwi?" Wijdan akamuuliza.

"Achomwe na nini, dada? Karatasi haina sindano." Akacheka peke yake. "Nitaandika tarehe ya nyuma. Namba ya chupa naitoa hapa kwenye kadi ya dada yake. Kitu safi."

"Na wakijua?"

"Wajue nini? Hajja Sittana, mwambie huyu mwalimu wako wangapi wamevuka kwa mkono wangu."

Wijdan akanitazama mimi. Bakri hakuwa na habari naye tena. Alikuwa anasubiri neno langu, kwa sababu mimi ndiye mkubwa pale, na mimi ndiye damu ya mumewe.

"Ni karatasi tu, mwanangu," nikasema. "Itamdhuru nini mtoto?"

Bakri aliandika juu ya goti lake. Jina la mtoto aliliuliza mara mbili, na Mazin mwenyewe, aliyekuwa anavuta kamba za mkoba wake, Bakri hakumtupia jicho. Mhuri ulikuwa wa zambarau, mbichi. Wijdan aliipeperusha kadi hewani ikauke, akaendelea kuipeperusha hata ilipokwisha kukauka.

Tulipanda meli Alhamisi mchana. Asubuhi yake winchi za bandari ya Jeddah zilipoanza kuonekana, watu wakaanza kufunga mizigo na kuvisha watoto nguo za kufikia. Karibu yetu alikaa mwanamke mwenye mtoto wa kiume wa umri kama wa Mazin, tulikuwa tumekula naye chakula kimoja, tumecheka naye. Kipaza sauti kikasema abiria wote wenye watoto chini ya miaka mitano wapange foleni ya kushoto, kadi za chanjo mkononi. Yule mwanamke akafungua kadi yake, akaitazama, kisha akatupia jicho kadi iliyokuwa mkononi mwa Wijdan. Zambarau ileile. Alimbeba mwanawe akaenda kukaa mbali, upande wa pili kabisa.

"Shangazi, umeona?" Wijdan akaninong'oneza.

"Wengi hupita kwa Bakri. Ni dalili nzuri."

Chumba cha ukaguzi kilikuwa cha baridi, kiyoyozi kikiunguruma, na upande mmoja kilikuwa na ukuta wa kioo. Nyuma ya kioo walisimama waliokuja kupokea watu. Tasabih ndiye aliyemwona wa kwanza. "Baba! Baba yule!" Muzammil alikuwa amevaa jalabia nyeupe, mbele yake kigari kipya cha mtoto kikiwa bado ndani ya nailoni. Alipunga mikono yote miwili. Wijdan alimwinua Mazin juu ili amwone.

Ofisa aliyetuhudumia alikuwa kijana, ndevu zimenyolewa vizuri, sauti ya chini. Aliiweka kadi ya Mazin chini ya taa. Akaitazama muda mrefu kuliko za kwetu. Hakuirudisha, aliiweka upande, juu ya kadi nyingine mbili tatu.

"Mama," akasema, "mhuri huu tumeuona mara nyingi mwezi huu, na kituo kinachotajwa hapa kimesema si wao. Usiogope. Hatumrudishi mtu bure. Mtoto anachomwa hapahapa, sasa hivi, mnakaa naye karantini siku kumi, halafu mnakwenda kwa baba yake. Basi."

Alilisema kwa upole, kama anayekupa zawadi.

"Hawezi kuchomwa," Wijdan akasema. "Ana mzio wa mayai."

Ofisa akaigeuza kadi. "Lakini amechomwa. Siku kumi na tano zilizopita. Alivimba?"

Wijdan akamhamishia Mazin bega la pili.

"Nakuuliza, mama. Alipochomwa, alivimba?"

"Hapana."

"Homa? Shida ya pumzi?"

"Hapana."

"Basi hana mzio." Akamwashiria muuguzi. "Mchukue."

Hapo ndipo nilipoelewa tulichokinunua. Tungefika mikono mitupu, wangetusikiliza. Tungesema daktari hakuwepo, wangetusikiliza pengine hata hilo. Lakini karatasi ya Bakri ilikuwa shahidi, na ilikuwa inashuhudia kwamba mtoto huyu ameshachomwa na hakupatwa na kitu.

Muuguzi alituingiza nyuma ya pazia. Upande wa pili mtoto wa mtu alikuwa analia, kisha akanyamaza, kisha akalia tena. Mazin alilazwa kwenye meza, suruali ikashushwa, paja likapanguswa kwa pamba yenye spiriti. Ile pamba ilimtekenya, akacheka. Akaishika glavu ya muuguzi akaivuta.

Na mimi, Mungu anisamehe, nilimwinamia Wijdan sikioni nikasema, "Pengine ameshakua, mwanangu. Miezi mitano imepita tangu lile yai. Baba yake yule pale, anatazama."

Muuguzi aliinua sindano, akagonga hewa itoke, akaishusha. Wijdan akamshika kifundo cha mkono kwa mikono yake miwili.

"Kadi ni ya uongo!" Alipiga kelele kiasi kwamba hata nyuma ya kioo nadhani walimsikia. "Niliinunua! Hajawahi kuchomwa, muuguzi wa kwetu alikataa kumchoma! Ukimchoma atakufa mikononi mwako!"

Pazia likafunguliwa. Chumba kizima kilikuwa kimetugeukia. Yule mwanamke wa kwenye meli alikuwa kwenye foleni, mtoto begani, uso umebadilika rangi. "Nyamaza wewe! Unataka kutumaliza na sisi?"

Muuguzi alirudisha sindano kwenye sinia. "Huyu simchomi," akamwambia ofisa, na yeye mwenyewe akamvisha Mazin suruali, kifungo kwa kifungo.

Ofisa hakupandisha sauti. "Nani alikuandikia?"

"Niliinunua mimi."

"Peke yako?"

"Mimi ndiye mama yake," Wijdan akasema. Hakunitazama hata kidogo. Ningependa angenitazama.

Viza za wote watatu zilifutwa palepale. Wangerudi na meli ileile mchana huo, pasi zao ndani ya bahasha iliyofungwa, ikabidhiwe nahodha, naye aikabidhi kwa polisi wa kwetu. Wenye kadi kama ile nao waliwekwa kando, pamoja na yule mwanamke. Kisha ofisa akanirudishia pasi yangu. "Hajja, kadi yako ni halali. Pita. Umra njema."

Nikapita.

Nilimwacha Wijdan kwenye benchi, Tasabih akiuliza kwa nini baba haingii. Nilipotokea upande wa pili, Muzammil alikuwa anapiga kioo kwa kiganja.

"Shangazi! Wanawapeleka wapi? Kuna nini?"

"Kadi ya mtoto ina kasoro. Wanarudishwa."

"Kasoro gani? Si mlisema kila kitu tayari? Nani alimpa kadi mbovu?"

"Sijui, mwanangu," nikasema.

Siku tatu niliikalia hiyo "sijui". Nilikwenda Makka, nikazunguka pamoja na watu, na kila nilipotaka kuomba, midomo ilikuwa inatamka kitu kingine. Mwishowe nilikaa nje kwenye ngazi nikampigia Muzammil, nikamweleza yote, tangu kituo cha afya hadi maneno niliyoyanong'ona nyuma ya pazia.

"Ulikuwepo muuguzi aliposema habari ya barua?" akauliza.

"Nilikuwepo."

Akakata simu. Aliyenipeleka bandarini siku ya kurudi ni rafiki yake.

Wijdan nilimkuta nyumbani kwangu. Hakuwa na pengine pa kukaa. Polisi walimhoji siku mbili, watoto wakiwa pembeni kwenye benchi, kisha wakamwachia kwa onyo. Bakri alikuwa amehama mji. Daktari alikuwa amerudi kutoka Atbara, na tulikwenda sote. Alimkwaruza Mazin mkononi kidogo tu, akatia tone moja la dawa ya kupimia, akageuka kuchukua kalamu. Alipogeuka tena, mkono ulikuwa umetunga uvimbe mkubwa mwekundu, na mtoto anajikuna hadi shingoni. Akampa dawa haraka. Alipokwisha kuandika barua, alituuliza ni nani alitaka kumchoma dozi nzima ya chanjo. Wijdan aliikunja barua akaitia mkobani.

Viza mpya zilichukua miezi miwili. Miezi hiyo yote Wijdan aliniheshimu kama mama mkwe. Aliniamkia, alinifulia, chai yangu haikupoa. Lakini Mazin hakumwacha na mimi hata wakati wa kwenda kuoga, alikwenda naye. Nikimpa mtoto kijiko cha uji, mama yake alikionja kwanza, kisha akampa.

Safari ya pili walivuka salama. Ofisa mwingine aliisoma barua, akagonga mhuri, akamfinya Mazin shavu. Muzammil alinitumia ujumbe wa neno moja: Wamefika.

Siku hizi wananipigia simu Ijumaa baada ya swala. Anayezungumza na mimi ni Tasabih. Ananieleza shule yake, ananieleza kwamba Mazin anatembea, anamwita paka "baba". Wiki iliyopita nilimwomba amwite mama yake, nimsikie japo sauti. Akaondoka. Nilisikia mazungumzo ya chini kwa mbali, sufuria ikiwekwa mekoni, kisha nyayo ndogo zikirudi.

"Bibi," akasema Tasabih, "mama anasema mikono yake ina unga."