Kadi Zilizolala Kifudifudi

Bibi yangu alizimia kliniki ya sukari siku ya Jumanne, akiwa wa kwanza kufika na karibu wa mwisho kuitwa. Alipozinduka aliwaomba watu radhi kwa kuvuruga foleni. Mimi nilikuwa mwaka wa tatu chuoni, nahangaika kutafuta mada ya utafiti, na hasira zikanipa mada papo hapo: kwa nini wagonjwa wanaanguka kwenye benchi?

Kliniki ile inapima damu kabla mgonjwa hajala. Watu wanafika alfajiri na matumbo matupu, wanatumbukiza kadi zao kwenye kisanduku cha mbao juu ya meza, wanakaa. Saa mbili muuguzi anafika na kuanza kuita. Nikaenda na daftari, kalamu mbili na kiburi cha mtu aliyesoma takwimu muhula mmoja. Mhadhiri wangu alisema nitakuta ni joto au uzee tu. Nilikubaliana naye kabla sijaanza.

Kwa wiki kumi na moja niliandika nani kafika saa ngapi, kaitwa saa ngapi, nani kaanguka. Waliozimia walikuwa kumi na wanne. Wote, bila kumkosa hata mmoja, walianguka Jumanne au Alhamisi. Nilihesabu mara tatu, nikaanza kulishuku daftari langu mwenyewe. Joto gani hilo lenye ratiba?

Nikaacha kutazama wagonjwa, nikatazama meza. Jumanne moja muuguzi alivuta kisanduku, akachukua kadi ya juu. Nilitaka kujizaba kofi. Kadi ya juu ni ya aliyefika mwisho! Aliyedamka kuliko wote, kadi yake imelaliwa na za wenzake wote. Muda wote huo nilikuwa nimekaa hatua mbili kutoka pale, na sikuona kitu.

Lakini Jumatatu, Jumatano na Ijumaa je? Kisanduku kile kile, muuguzi yule yule. Jumatano nikawahi, nikaganda kwenye kona. Saa mbili ilipokaribia alipita mfagizi, mama mfupi ambaye wote walimwita Bi Dekio. Zamu zake za asubuhi zilikuwa siku hizo tatu. Alizitoa kadi zote kwa mkupuo mmoja, akapangusa kisanduku, akapangusa meza, kisha akazirudisha kadi zikiwa zimepinduliwa, za chini zikawa juu. Ukipiga chafya tu, umepitwa. Akachukua ndoo yake akaenda zake.

Nilimfuata koridoni.

"Shikamoo mama. Zile kadi..."

"Marahaba. Kadi zipi?" Macho yake hayakutoka sakafuni.

"Ulizozigeuza."

Alisimamisha dekio, akatazama kushoto na kulia. "Mwanangu, sakafu hii naijua mimi. Zamani mtu akianguka kwenye zamu yangu, mimi ndiye niliyekuwa namfikia wa kwanza. Palikuwa na mzee mmoja wa fimbo, anafika hata mlango sijafungua, anaondoka watu wameshakwisha. Nikajiuliza, huyu kamkosea nani? Ndiyo nikaanza kuangalia hicho kisanduku."

"Tangu lini?"

"Mwaka wa sita huu."

Miaka sita! Nilijaribu kupiga hesabu ya watu ambao hawakuanguka, nikashindwa, kwa sababu asiyeanguka haandikwi popote. Nilimtazama yule mama na viatu vyake vilivyolowa, nikashikwa na mshangao uliochanganyika na heshima, kiasi kwamba kalamu niliirudisha mfukoni. Sijawahi kujiona mdogo namna ile, na sijawahi kufurahi hivyo kujiona mdogo.

"Kwa nini hukuwaambia wauguzi?"

Alinionyesha kwa kidevu tangazo ukutani: *Kadi za wagonjwa zishikwe na muuguzi tu. Atakayekiuka atafukuzwa kazi.*

"Nimebakiza miaka miwili nistaafu," alisema. "Andika hizo kadi zako, lakini mimi usinitie humo."

Siku ya kuwasilisha matokeo tulikaa chumba cha mikutano cha kliniki: mhadhiri wangu, wauguzi, na sista mkuu kwenye kiti cha mbele. Nikaeleza kadi zinavyolaliana, nikapendekeza zigeuzwe kila siku. Bi Dekio sikumtaja.

"Kisanduku ni hicho hicho siku zote tano," alisema sista mkuu. "Mbona Jumatatu hawaanguki?"

"Swali zuri," alidakia mhadhiri. "Usipolijibu hilo, huna utafiti."

"Kuna siku nazikuta zimelala kifudifudi," alisema muuguzi wa zamu. "Mimi nikadhani wagonjwa wenyewe hawajui kuweka kadi."

Wote wakanigeukia. Nikijibu, mama wa watu anafukuzwa. Nisipojibu, hakuna kitakachobadilika, na kila Jumanne mtu ataanguka, bibi yangu akiwemo.

"Ni mimi."

Sauti ilitoka mlangoni. Bi Dekio alikuwa anapiga deki koridoni na amesikia yote. "Mtoto msimsumbue. Nazigeuza mimi."

Sista mkuu alisimama, akasema kwamba kwa jambo kama hili inabidi aandike, akatoka. Tukajua ni barua ya kumfukuza kazi. Bi Dekio alikamua dekio lake taratibu, akaendelea na kazi.

Jumanne iliyofuata nilimpeleka bibi mwenyewe, roho ikiwa juu juu. Tangazo la zamani halikuwepo. Mahali pake palibandikwa karatasi mpya kwa mwandiko wa sista mkuu: *Kabla ya kuita, geuza kadi. Asiyejua amuulize Bi Dekio.* Saa mbili muuguzi akazitoa kadi, akazigeuza zote, akaita jina la kwanza.

Lilikuwa la bibi. Hakuinuka. Likaitwa tena, nikamgusa bega.

"Wamekosea," alininong'oneza. "Mimi si wa kwanza. Mimi nimewahi kufika tu."