Jina la Lineo Bustanini

Mume wangu Tefo alirudi kutoka migodini na kifua kibovu. Akajenga bustani ya mawe, duara lililoinuka hadi kiunoni, kama wanavyojengewa wagonjwa huku kwetu Lesotho ili wasihangaike kuinama. Humo akaotesha spinachi kwa kufuata herufi za jina la binti yetu mkubwa, Lineo. Kila asubuhi alimshika kidole wakasoma pamoja. Mungu akamchukua Tefo kabla hajaionja mboga yenyewe.

Wiki hii pesa zilizobaki, maloti machache, zilitosha unga tu. Nikachukua kisu nikaenda bustanini. Lineo akanizuia njia.

"Mama, usikate. Baridi imeshaingia, spinachi haitachipua tena. Hayo ni maandishi ya baba."

"Sasa tule ugali na nini, mwanangu?"

"Mimi chumvi inanitosha. Sina makuu."

"Na Pulane je?"

Akamtazama mdogo wake, ambaye baba alimwacha akitambaa, sasa akilamba unga kidoleni. Akanyoosha mkono. "Lete kisu. Wewe utaharibu."

Akakata kuanzia herufi ya mwisho, polepole, akiitaja kila moja. Mezani nilishukuru kwa sala fupi.

Tulipomaliza kula nilitoa vyombo nje, naye Lineo akampeleka Pulane bustanini, akamshika kidole, akakipitisha juu ya vishina. "Hapa baba aliandika L."

"Baba yupi?" Pulane akauliza.

Lineo akageuka kunitazama. Nikainama kuosha sufuria.