Msusi Apelekwa Golini

Goti lilipomsaliti msusi, kocha hakumzungusha. Alimwita pembeni ya uwanja akamwambia, "Kuanzia leo unakaa golini. Mdogo wako atashika nafasi yako mbele."

Msusi alihisi kama kamwagiwa maji ya baridi. Tangu timu yao ya lakrosi ianzishwe, yeye alikuwa mshambuliaji: alidaka mpira kwa wavu wa fimbo yake, akawachenga mabeki, akafyatua langoni. Leo anapewa kofia ngumu, kinga ya kifua na fimbo yenye kichwa kipana kama ungo, asimame kusubiri kupigwa!

Nyumbani alinuna. Mdogo wake alimwekea chai, akaisogeza huku na huku kabla ya kuthubutu kusema.

"Dada, ukitaka nitakataa."

"Ukatae ili iweje? Cheza." Sauti ilikuwa kavu.

Siku ya mechi alisimama kwenye duara la goli, kimya kama mgeni msibani. Mabao matatu yakapita. La mwisho lilifungwa na mpinzani aliyezunguka nyuma ya goli, jambo linaloruhusiwa kwenye lakrosi, akachomoza upande wa pili, hakuna aliyemwona. Mapumziko yalipofika, beki wa kati, ambaye ni muuza mikate, alimjia juu.

"We mama, saluni hutuachi tupumue kwa maneno, leo umemeza ulimi? Sisi mabeki tunamkaba aliye mbele yetu. Anayepita mgongoni unamwona wewe peke yako. Sema!"

Msusi akacheka bila kutaka.

Kipindi cha pili hakufunga mdomo. "Kushoto! Mwache huyo, shika wa nyuma! Viungo, rudini, mabeki wamezidiwa!" Viungo, ambao kazi yao ni kukimbia uwanja mzima kwenda na kurudi, walirudi wakitweta. Kombora likaja, akaliziba kwa paja, machozi yakamtoka. Akauokota mpira, akachomoka nje ya duara, akamrushia kiungo, naye akampasia mdogo mtu.

Binti akasita. Aligeuza macho hadi golini kwao, kama anayeomba ruhusa.

"Piga, mdogo wangu! Piga!"

Akapiga. Wavu ukatikisika. Baadaye akafunga jingine, lakini muda haukuwatosha. Walifungwa tatu kwa mbili.

Kwenye chumba cha kubadilishia nguo, mdogo wake alipiga magoti akamkanda kwa barafu kwenye paja lililovilia damu.

"Bado umenikasirikia?"

"Nilikukasirikia mpaka lile bao la kwanza. La pili nililipigia vigelegele, hukusikia?"

"Nani asikie, na kelele zote zile za bao?"

Wakacheka. Msusi akafuta jasho. "Ila usijisahau. Goti likipona, naitaka nafasi yangu."

"Njoo uichukue," mdogo wake akajibu, akakandamiza barafu, na msusi akapiga yowe chumba kizima kikageuka.