Muhula kwa Mama Fundi

Hadi leo, mama mmoja, mtu mzima mwenye watoto wake, akisikia cherehani ikilia mahali hunyamaza ghafla. Wanawe humcheka, wanasema mama kapotea tena. Kweli hupotea. Hurudi kwenye muhula ule mmoja aliosoma nchi jirani, akiwa binti wa sekondari, shule mbili zilipobadilishana wanafunzi.

Alipokelewa kwa Mama Fundi, mshonaji aliyegeuza sebule yake kuwa kiwanda. Vitambaa vilitundikwa hadi mlango wa choo, nyuzi zilinasa kwenye soksi, na ukikaa kwenye kochi bila kutazama, pini ilikuamkia kabla ya mwenye nyumba. Baba wa pale alikuwa dereva wa lori, leo yupo kesho hayupo. Binti yao, rika la mgeni, waliomtania walimwita Kasuku, na jina hilo halikumwonea.

Walimpenda, hilo hana shaka. Tabu ilikuwa namna walivyompenda. Kitanda cha Kasuku akapewa yeye, Kasuku akalala chini. Paja la kuku lake. Akigusa ufagio tu, Mama Fundi anamnyang'anya.

"Hapana, hapana, mgeni wetu, wewe pumzika. Kasuku! Huoni mwenzako kashika ufagio? Njoo ufagie!"

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Ndivyo walivyosema wahenga, ila yaelekea siku waliposema Mama Fundi hakuwepo. Wiki zilipita na jembe halikuja. Jioni binti aliwasikia mama na mwanawe wakigombana jikoni, wakiitana mbuzi na punda, kisha wakicheka mpaka wakashikana mbavu. Yeye yuko sebuleni na sahani ya wageni, kaandaliwa kama mkaguzi wa elimu. Alimkumbuka mama yake, akaisukuma sahani kando. Hakutaka paja la kuku. Alitaka kugombezwa. Alitaka kuwa mtoto wa mle ndani, walau kwa muhula mmoja, na muhula wenyewe ulikuwa unayoyoma.

Jumamosi moja Mama Fundi alitoka kununua vifungo, na Kasuku alikuwa kwa jirani anasukwa. Kwenye meza kubwa kulikuwa na sare za kwaya, zimeshakatwa, bado kushonwa. Binti akaona vipande vyote vimechafuka chaki: mistari, misalaba, namba zilizochorwa ovyo. Moyo ukamruka. Hatimaye kazi! Akachukua brashi, akakung'uta kipande baada ya kipande, akapiga pasi, akavikunja vyote kwenye rundo moja safi. Kisha akakaa kungoja sifa.

Mama Fundi aliingia, akaitazama meza. Mfuko wa vifungo ukamdondoka.

"Chaki yangu iko wapi?"

"Nimeisafisha, mama. Ilichafua vitambaa."

"Umeisafi... Wewe mtoto! Wewe mtoto una wazimu? Sasa bila alama zangu mkono wa mwalimu wa kwaya nitaujuaje, na mkono wa lile bonge la sauti ya nne? Nani kakutuma? Kwenu mkikuta kazi ya mtu mezani mnaifuta tu? Usinitolee macho! Haya, nitazame ninaposema na wewe!"

Kasuku akaingia, kichwa nusu kimesukwa, nusu kimesimama.

"Na wewe ulikuwa wapi? Hakuna kula humu ndani mpaka kila mkono upate mwenyewe!"

Binti akaangua kilio. Mama Fundi akashusha sauti palepale.

"Basi, basi, mgeni wetu, nimeteleza ulimi..."

"Usiniite hivyo," akasema kwa kwikwi. "Nigombeze tu, mama. Endelea."

Mama Fundi alimtazama, akamtazama tena, kisha akacheka mpaka akakaa sakafuni katikati ya vifungo.

"Kumbe ndicho ulichokuwa unataka? Si ungesema mapema, ningekugombeza tangu siku uliyoshuka! Shika futi, upime."

Walipima mpaka giza likaingia. Kwaya ilivaa, na yule bonge aliimba na mkono mmoja wa sare umemwishia kwenye kiwiko. Kuanzia hapo binti alifua, alitumwa dukani, alilala chini kwa zamu na Kasuku, na alisemwa kila siku aliyomjalia Mungu. Hajapata kuwa na furaha kama ile. Muhula ulipokwisha, aliondoka akiahidi kurudi likizo ijayo.

Likizo ijayo ilimezwa na mitihani, mitihani ikamezwa na kazi, kazi na ndoa, ndoa na watoto. Simu zikapungua, zikabaki salamu za sikukuu. Mwaka jana ndipo aliporudi, mvi mbili tatu kichwani, zawadi mkononi, na hofu tele kifuani. Aliogopa sahani ya wageni. Alisimama mlangoni.

"Hodi!"

Kandambili zikaja zikiburuzwa polepole. Mlango ukafunguka, na Mama Fundi, kainama kidogo, akamkagua kuanzia viatu hadi mkoba.

"Tangu lini mtu akapiga hodi kwao?" akafoka. "Miaka yote hii unapotea, leo unanisimamia mlangoni kama msoma mita! Ingia. Vyombo viko jikoni, havijaoshwa."

Akavua viatu, akapitiliza jikoni, akakunja mikono ya blauzi yake nzuri, na machozi yakamtiririka ndani ya sabuni.