Ben na Mná

Tangu asubuhi Klementina alikuwa hajatulia. Alitoka chumbani, akalizunguka duka la mama yake pale Somanda, akapanga upya mifuko ya sukari iliyokuwa imepangwa vizuri tu, kisha akarudi kwenye kompyuta. Saa nane msimamizi wake wa masomo angempigia kutoka Ayalandi, na utafiti wake ulikuwa umekwama kwenye neno moja.

Neno lenyewe lilikuwa "mwanamke". Lugha mama ya Waselti wa kale, mababu wa Waayalandi, haikuandikwa; wasomi huiunda upya kwa kulinganisha lugha zilizotokana nayo. Katika Kiayalandi cha kale, mwanamke ni ben. Lakini ukitaka kusema "wa mwanamke", ben hutoweka, inakuja mná. Klementina aliandika kwamba hayo ni maneno mawili, kila moja na asili yake. Juzi msimamizi alimwuliza tu, "Una hakika?" Tangu hapo alikuwa hajala vizuri.

"Keti ule, mwanangu," alisema mama yake, Benedikta.

"Nikiketi nitalia, mayu."

Mama mmoja wa Ngulyati aliingia kununua chumvi. "Mwangaluka!" alisalimu kwa Kisukuma. "Huyu anaumwa?"

"Haumwi," alijibu Benedikta. "Munhu huyu anahangaishwa na neno la Wazungu. Mtu mzima na akili zake!"

Klementina akaganda mlangoni. Munhu kwa Kisukuma, mtu kwa Kiswahili. Neno lilelile, ila Kiswahili kimeimeza ile u, m ikabaki imebanana na jirani yake. Je, kama mkazo wa bena, umbo la kale kabisa la ben, ulihamia mwishoni waliposema "wa mwanamke", e ikamezwa? Akajaribu kutamka: bena, kisha "wa mwanamke" yenye s mwishoni, bnas. Midomo ikagoma. Bnas, mnas. N ilikuwa imeivuta b puani ikawa m, ndiyo mná. Lilikuwa neno moja!

Akarudi kwenye kompyuta, akaifuta sura nzima ya utafiti iliyodai maneno mawili.

Saa nane msimamizi alimsikiliza hadi mwisho. "Naam. Lakini mkazo ulihama lini? Kabla Waselti hawajawa Waselti, au baadaye?"

"Sijui," alisema Klementina.

"Basi anzia hapo."

Simu ilipokatika, Benedikta akachungulia. "Wamekupitisha?"

"Wamenirudisha mwanzo."

"Na unacheka?"

Klementina hakujua kama anacheka. Alivaa kandambili, akatoka juani, akashika njia ya Dutwa bila kujua aendako, midomo ikimcheza: bena, bnas, mnas. Mama yake alimwita arudi ale. Hakusikia.